Mwezi Una Siku Ngapi? Kupanga Safari Fupi ya Kilwa Kisiwani

 

Leo nazungumza juu ya safari fupi ya kisiwani, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe ili ushauri wangu uwe na uzito. Miaka kadhaa iliyopita nilifika gatini Kilwa Masoko saa moja na nusu asubuhi, begi mgongoni, ratiba mkononi. Ratiba hiyo niliiandika Dar es Salaam, nikaipigia mistari kwa rula: saa tatu nipo kisiwa cha Songo Mnara, saa saba Kilwa Kisiwani, saa kumi nimerudi Masoko, usiku nalala kwangu. Nikamwonyesha nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa akikumba maji katika mashua yake. Akaitazama ile karatasi kwa adabu, akanirudishia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mwezi una siku ngapi leo?"

Nikamjibu, "Leo tarehe kumi na tisa, mzee."

Akacheka. "Hiyo ni ya ofisini. Nakuuliza huu wa mbinguni."

Sikujua. Nilikuwa nimelala usiku kucha chini ya mwezi mpevu, ukiangaza dirishani kama taa ya barabarani, wala sikuutazama. Akaniambia nisubiri juma moja, au nibadilishe mpango. Nikakataa, maana kesho yake nilikuwa na kazi. Basi akanipeleka, kwa kuwa mteja akishalipa ni vigumu kumkatalia. Saa nne asubuhi mashua ilikuwa imekaa kitako kwenye matope, mikoko imetuzunguka, na maji yanazidi kutukimbia. Nikashuka, nikatembea kwenye tope la magoti, viatu shingoni. Nilipofika kwenye magofu nilikuwa nimechoka, nina kiu, na roho yangu iko kwenye saa. Nikapiga picha kumi na mbili. Maji yaliporudi jua lilikuwa limeshainama. Kilwa Kisiwani, ndiyo hasa niliyoifuata, niliiona kwa mbali tukipita, jengo la Gereza limesimama ufukweni kama mtu anayekusindikiza kwa macho.

Nahodha hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la rula yangu.

Sasa, msikilizaji, kwa nini watu wanahangaika kwenda huko? Kilwa Kisiwani ni kisiwa kidogo, kilometa 2 hivi kutoka Masoko, kusini mwa Dar es Salaam kwa mwendo wa karibu kilometa 300. Hapo palikuwa na mji ambao, kati ya karne ya 13 na ya 15, ulishika biashara ya dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia bandari ya Sofala. Sarafu ya shaba ya sultani wa Kilwa imepatikana Great Zimbabwe kwenyewe, mbali kabisa na harufu ya bahari. Mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikiporomoka na mawimbi yakila ukingo. Kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo.

Lakini swali ninalolipenda ni hili: kwa nini mji ule ulisimama pale, usisimame kwingine? Jibu ni upepo. Jahazi lililotoka Uarabuni likisukumwa na kaskazi, kuanzia kama mwezi wa Desemba, liliweza kufika Kilwa, likauza, likanunua, kisha kusi ikaanza kuvuma na kulirudisha kwao. Kwenda na kurudi katika mwaka mmoja. Ukipita Kilwa kuelekea kusini, kwenye Sofala na dhahabu yake, hesabu inaharibika: kaskazi hudhoofika na msimu unakukatikia ukiwa njiani. Basi wageni waliishia Kilwa, na watu wa Kilwa wakawa ndio wanaokwenda Sofala. Utajiri wa mji mzima ulijengwa juu ya ratiba, na ratiba yenyewe ilipangwa na pepo. Ndiyo maana nasema, kwenda Kilwa na ratiba ya rula ni kama kwenda kwa fundi saa kumfundisha kusoma majira.

Tupange basi, hatua kwa hatua.

Kwanza mwezi wa mwaka. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na barabara ya kusini hupata taabu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo upande wa Somanga, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama. Juni hadi Agosti kumekauka na hewa ina ubaridi, ila kusi huvuma kwa nguvu na mchana bahari huchafuka. Ukisafiri wakati huo, vuka asubuhi. Septemba hadi Novemba, pepo zikiwa zinabadilishana zamu, wakati watu wa bahari wanaouita tangambili, maji hutulia. Mimi huo ndio msimu wangu. Ukienda Ramadhani, nenda, lakini usitegemee chakula cha mchana kisiwani, wala usikae kula machoni pa waliofunga.

Pili, siku ya mwezi, lile swali la nahodha. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Na bamvua katika pwani yetu lina saa zake. Maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka, na saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Hayo ni maji mafu, mwezi wa siku 8 au 9, na tena 22 au 23. Hayajai sana wala hayapwi sana.

Umeona nilipoangukia? Nilikwenda Songo Mnara siku ya bamvua, nikafika saa nne. Hata mtoto wa Masoko angenicheka. Songo Mnara ni ya kwenda siku za maji mafu. Kisiwani haina masharti makali hivyo, kwa kuwa ni karibu. Siku ya bamvua vuka saa moja asubuhi, urudi saa kumi alasiri maji yakiwa yamejaa. Katikati hapo, bahari ikiwa imekauka, utawaona akina mama na watoto wametawanyika miambani wakitafuta pweza. Hilo nalo ni la kutazama.

Tatu, idadi ya siku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi chukua zile siku mbili za ugeni uzitumie vizuri, ukiongeza moja ya kwenda na moja ya kurudi. Alhamisi unasafiri, Ijumaa na Jumamosi uko visiwani, Jumapili unarudi. Kama huna zaidi ya Jumamosi na Jumapili, iache Songo Mnara. Nasema hivi nikijua inauma. Iache. Kivinje pia, mji mkongwe ule ambamo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, unahitaji safari yake peke yake. Usiuvamie kwa nusu saa ukiwa njiani kwenda nyumbani.

Nne, njia. Mabasi ya kusini utayapata Mbagala. Utapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lile lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee watakusimulia jinsi walivyokuwa wakilala kando ya mto wakingoja kivuko. Ukifika Nangurukuru, shuka. Basi linaendelea Lindi. Wewe unakata kushoto kwenda Masoko kwa gari dogo au bajaji. Anza alfajiri ili ufike mchana, kwa sababu mchana huohuo una kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kibali. Magofu haya yako chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na ofisi iko Masoko. Unalipia huko, unapewa risiti, na hapo ndipo unapompata mwongozaji. Usivuke bila kibali ukidhani utamalizana na mtu kisiwani. Ada hubadilika na wageni hawalipi sawa na wenyeji, kwa hiyo uliza mwenyewe. Kazi ya pili ni chombo. Nenda gatini jioni hiyo, zungumza na nahodha kabla ya giza. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi, yote kwa pamoja, maana ugomvi mwingi wa gatini unatokana na lile neno kungoja. Uliza kama ana jaketi okozi za watu wote. Kama mko wachache, tafuteni wenzenu mchangie. Na ukikutana na nahodha anayekuuliza kwanza maji, ndipo bei, huyo mshike.

Begini weka maji ya kunywa ya kutosha, chakula chepesi, kofia, viatu visivyoogopa maji ya chumvi, na noti ndogondogo. Weka pia kanga au shuka. Kisiwani ni kijiji cha Waislamu, watu wanaishi, wanaswali, wanazika. Magofu yamo katikati ya minazi na mashamba yao. Ukiingia piga hodi, toa shikamoo kwa wakubwa, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ukienda Ijumaa, ujue adhuhuri mwongozaji wako atakwenda msikitini, na wewe utakaa chini ya mti. Kaa. Hapo ndipo utakaposikia habari za kijiji.

Sasa siku yenyewe. Wengi wakishuka mashuani huanza na Gereza kwa kuwa liko pale pale ufukweni. Mimi nakushauri ulipite, uliweke la mwisho. Jua likiwa bado changa, tembea kwanza upande wa mashariki mpaka Husuni Kubwa, kwenye genge linalotazama bahari. Hiyo ilikuwa kasri ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ya mwanzoni mwa karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, nyua za biashara na za baraza, na birika la kuogea lenye pembe nane. Inaonekana haikumalizika wala haikukaliwa muda mrefu. Simama penye birika, fikiri mtu aliyechimba, akajenga kwa matumbawe na chokaa, akalijaza maji matamu huku bahari ya chumvi iko chini yake.

Jua likishakuwa kali, rudi mjini uingie Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini, ya karne ya 11 na 12, ni ndogo, na paa lake lilishaanguka. Ya kusini, iliyoongezwa baadaye, ina safu za nguzo na kuba. Humo ndani mna kivuli na ubaridi hata saa sita. Hapa ndipo ninapokuomba utumie muda wako, saa nzima ukiweza. Angalia kuba kwa ndani, palipokuwa pametiwa bakuli za kaure kutoka China. Angalia jiwe. Ni tumbawe; lilikatwa baharini lingali laini, likachongwa, likakauka likawa gumu, na matumbawe mengine yakachomwa kuwa chokaa ya kuliunganisha. Kisha ukitoka uingie kwenye nyumba, upime kwa hatua ukuta hadi ukuta. Utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauna boriti ndefu. Sultani na mfanyabiashara wake, wote wawili, upana wa vyumba vyao uliamuliwa na mti wa matopeni.

Alasiri ndiyo zamu ya kasri ya Makutani, msikiti mdogo wa kuba, makaburi, na mwisho Gereza ukingoja maji. Gereza hilo linalosimama leo ni la Waomani wa karne ya 19, limekaa juu ya ngome ya Wareno. Wareno waliuteka mji Julai 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Neno gereza lenyewe hutajwa kuwa limetokana na neno la Kireno la kanisa. Na usidanganywe na uzuri wa machweo ukadhani hapa palikuwa pa dhahabu na kaure tu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mwongozaji asipoligusa hilo, muulize.

Siku ya pili, Songo Mnara. Misikiti 5, kasri, na nyumba za mawe zipatazo 33 ndani ya ukuta wa mji. Kisiwani utaona mji wa masultani. Songo Mnara utaona watu walivyoishi, na milango yao, baraza zao, zidaka zao ukutani. Tafadhali usipande kuta, usiokote hata kigae. Kigae kikiwa pale chini kinamwambia mtaalamu mengi. Kikifika sebuleni kwako kimekuwa bubu.

Msikilizaji, labda unanung'unika: siku mbili zitatosha nini kwa mji wa karne nyingi? Nikukumbushe mgeni maarufu kuliko wote waliopata kufika Kilwa. Ibn Battuta, mtu wa Tangier, alifika mwaka 1331. Hakukaa sana. Alikuja na msimu, akaondoka na msimu kuelekea Dhofar, katika Oman ya leo. Kurasa alizoiachia Kilwa ni chache. Hakutuhesabia misikiti, wala hakutupa orodha ya majengo. Lakini kuna Ijumaa moja aliyoisimulia.

Sultani, huyuhuyu al-Hasan mwenye Husuni Kubwa, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, alikuwa akitoka msikitini baada ya swala. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu kwa unyenyekevu ule. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa 10, na sultani aliposikia watu wanavyomshukuru akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anatuambia pia kwamba zawadi za pale mara nyingi zilikuwa pembe, na dhahabu kwa nadra.

Tazama alichokifanya mgeni yule wa siku chache. Alisimama mahali pamoja, akatazama jambo moja mpaka mwisho, na leo, baada ya karibu miaka 700, tunajua kwa kisa hicho kimoja mambo mengi: ukarimu wa mfalme, utajiri wa pembe, na binadamu waliogawiwa kama nguo. Picha zangu 12 za Songo Mnara sijui hata ziko kwenye simu gani.

Mwaka uliofuata nilirudi. Nilipiga simu Masoko kabla ya kukata tiketi, nikaulizia maji, nikaambiwa nije mwezi ukiwa wa siku 8. Nahodha yule yule alinipokea gatini. Hakuuliza kama nina ratiba. Saa nne asubuhi tulipita juu ya lile tope la magoti nililolitembea, nami nikachungulia chini nikaona mizizi ya mikoko ikicheza ndani ya maji, na mzee ameshika usukani, ananyamaza kwa makusudi ili nikumbuke mwenyewe.

Basi, msikilizaji, kabla hujauliza nauli wala hujatafuta chumba, usiku wa leo toka uani, inua macho. Hesabu ni siku ya ngapi. Safari yako ya Kilwa inaanzia hapo.